Chakula cha Mchana cha Daktari

Hakuna kiti kinachomnyenyekesha mtu mzima kama kiti cha daktari wa meno. Ukishalazwa chali na kuambiwa upanue kinywa, cheo chako, mvi zako na elimu yako vyote vimebaki mlangoni pamoja na kofia. Kuuliza huwezi, maana ulimi umezuiwa. Kuona huwezi, maana kinachofanyika kinafanyika ndani mwako mwenyewe. Mgonjwa wa malaria huonyeshwa cheti cha maabara, na mwenye kidonda hukitazama kikipona siku hadi siku. Lakini mwenye jino bovu huambiwa tu kwamba hili limekwisha, tuling'oe, naye huitikia kwa kichwa. Kazi ya meno imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kuaminiana.

Kazi yangu mimi ilikuwa ualimu, na zaidi kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Nayo imesimama juu ya nguzo hiyo hiyo. Mzazi humleta mtoto getini asubuhi, akamwacha, akaenda shamba. Haoni kinachotiwa kichwani mwa mwanawe, kama vile mgonjwa asivyoona kinachotiwa kinywani mwake. Ndiyo maana kila nikitafakari habari za madaktari, najikuta nawatafakari walimu pia. Na nimefikia kuamini kwamba mtu yeyote anayetushika mahali tusipoweza kujiona, tuna haki ya kumwuliza maswali mawili. La kwanza: umesomea wapi? La pili: unakula kwa nani?

Swali la kwanza watu huliuliza bila haya. La pili huonekana utovu wa adabu. Nataka nieleze jinsi nilivyokutana na nchi ambayo imeamua kuliuliza kwa niaba ya wananchi wake, na yale niliyojifunza humo.

Mwaka 2022 nilikwenda Marekani kumtembelea binti yangu, ambaye anaishi na kufanya kazi karibu na mji wa Baltimore. Sikupita hata wiki ya pili kabla gego la chini upande wa kushoto halijaanza kunisumbua. Usiku haukulalika. Tukaenda kwa daktari wa meno wa jirani, mtu mpole, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Alilipiga picha, akaniambia kwa heshima kwamba mzizi umepasuka na jino haliokoki. Aling'oe, kisha mahali pake apandikize jino jipya. Jino la kupandikiza ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake likavishwa jino la bandia. Gharama yake ilikuwa maelfu ya dola. Aling'oa siku ile ile, nikapata nafuu, na hilo la kupandikiza nikasema nitalifikiria.

Jioni binti yangu alinambia, "Baba, kabla ya kumpa jibu, tumtazame kwanza." Nilidhani ana maana ya kuuliza majirani. Kumbe alikuwa na maana ya kufungua kompyuta.

Tulianza na swali la kwanza, la shule. Hapo nilifurahi kama mtoto, maana ni jambo ninalolijua. Baltimore ndiko kilikofunguliwa mwaka 1840 chuo cha kwanza duniani cha kufundisha udaktari wa meno peke yake. Kilianzishwa na Horace Hayden na Chapin Harris. Kabla ya hapo mng'oa meno alijifunza kwa kumfuata mng'oa meno mwingine, kama fundi seremala anavyomfuata fundi mkuu, na wengine walikuwa vinyozi tu wenye koleo. Mwaka 1867 Chuo Kikuu cha Harvard nacho kikafungua shule ya meno, lakini kikaipa shahada yake jina la Kilatini, ndiyo sababu hadi leo madaktari wa meno wa Marekani hufuatisha majina yao kwa herufi za aina mbili, wengine DDS, wengine DMD. Binti yangu alidhani moja ni kubwa kuliko nyingine. Hapana, ni shahada ile ile. Kwa kawaida mtu huipata kwa miaka minne ya masomo baada ya shahada ya kwanza, kisha hufanya mitihani na kupewa leseni na jimbo anakotaka kufanya kazi. Leseni hiyo kila mtu anaweza kuitazama: ilitolewa lini, inakwisha lini, na kama mwenye nayo amewahi kuadhibiwa na bodi.

Daktari wetu alikuwa safi. Alikuwa na shahada, leseni hai, hana doa. Jambo moja tu lilinifungua macho. Marekani inatambua fani 12 za ubingwa wa meno, kama vile upasuaji wa kinywa, magonjwa ya fizi, na meno ya watoto. Kupandikiza meno si mojawapo ya fani hizo 12. Daktari wa meno wa kawaida anaweza kuifanya kazi hiyo baada ya kupata mafunzo, na baadhi ya mafunzo hayo huendeshwa au kugharimiwa na watengenezaji wenyewe wa vifaa. Hapo ndipo swali la kwanza linapoanza kuingia ndani ya swali la pili.

Basi tukaja kwenye daftari. Naliita daftari kwa kuwa ndivyo lilivyo, ingawa halina karatasi. Mwaka 2010 bunge la Marekani lilipitisha, ndani ya sheria kubwa ya afya ya Rais Obama, kifungu kilichopewa jina la mwanga wa jua. Waliokipigania kwa miaka kadhaa walikuwa maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Chuck Grassley wa Iowa na Herb Kohl wa Wisconsin. Kifungu hicho kinayataka makampuni ya dawa na vifaa vya tiba, ambavyo mipango ya serikali ya bima ya afya hulipia, kutaja kila malipo au kitu chenye thamani walichompa daktari. Humo wamo madaktari wa meno, wa macho na wa miguu, pamoja na hospitali za kufundishia. Kumbukumbu zilianza kukusanywa Agosti 2013, na zikafunguliwa kwa umma kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 2014. Kuanzia kumbukumbu za mwaka 2021 wameongezwa wauguzi wa ngazi za juu na wasaidizi wa madaktari.

Kiwango walichoanzia kinastahili kutajwa, maana kinaonyesha walivyoufahamu moyo wa binadamu. Kitu kimoja chenye thamani ya dola 10 kiliandikwa. Vidogo kuliko hivyo navyo viliandikwa iwapo kwa mwaka jumla yake ilivuka dola 100. Viwango hivyo hupandishwa kidogo kidogo kufuata bei za vitu. Kwa hiyo hata sahani ya chakula cha mchana inaweza kuingia daftarini, na tarehe yake, na jina la aliyeilipia, na dawa au kifaa kilichozungumzwa mezani. Kampuni ikificha hutozwa faini, na ikificha kwa makusudi faini inaweza kufika dola 100,000 kwa kila kitu kilichofichwa. Daktari naye hupewa siku 45 za kutazama yaliyoandikwa juu yake na kuyapinga kabla hayajatangazwa.

Tuliandika jina la daktari wetu, na daftari likafunguka. Kulikuwa na vyakula vya mchana vingi, kila kimoja dola kumi na kitu au ishirini na kitu. Kulikuwa na safari moja na malazi yake. Na kwa miaka mitatu mfululizo kulikuwa na malipo ya kuzungumza na kufundisha, ambayo kwa jumla yalitosha kununua gari dogo. Nayo yalitoka kwa kampuni moja, mtengenezaji wa skrubu ile ile aliyotaka kuitia katika taya langu.

Binti yangu aliufunga mdomo, kisha akasema, "Baba, huyu hatumrudii."

Sikumkatalia, wala sikumkubalia. Nilikuwa nimekumbuka daftari jingine.

Miaka ya 1990, biashara ya vitabu vya shule ilipoanza kufunguliwa kwa wachapishaji binafsi, mawakala wao walianza kutiririka vyuoni. Zamani vitabu vililetwa tu, ukapokea ulichopewa. Sasa mkuu wa chuo na walimu wake waliombwa kuchagua, na penye kuchagua pana kushawishiwa. Walikuja na kalenda, na kalamu, na mikoba. Mwisho wa mwaka walikuja na vikapu vya sikukuu, na baadaye mialiko ya semina katika hoteli za pwani. Walikuwa watu wazuri, wachangamfu, waliojua majina ya watoto wetu. Hakuna aliyeniambia hata siku moja, "Chagua kitabu changu nikupe hiki." Angesema hivyo ingekuwa rahisi, ningemwonyesha mlango.

Niliweka daftari la kurasa 100 juu ya meza ya chumba cha walimu, wala si ofisini kwangu. Kila wakala aliyeleta kitu alikiandika kwa mkono wake mwenyewe: jina, kampuni, kitu, aliyepewa. Walimu wote walisoma, na wanachuo pia walichungulia. Mwalimu mmoja wa Hisabati, mtu mkweli sana, aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mkuu, kile kitabu cha yule bwana wa kalenda si kizuri. Lakini kila nikitaka kuandika kwamba si kizuri, naiona sura yake." Sikupata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ya zawadi. Zawadi haikununui. Inakuwekea sura mbele ya macho, basi, na sura ile inakaa katikati yako na kazi yako.

Baada ya muhula mmoja mawakala wengi walipunguza vikapu. Wachache waliendelea kuandika bila wasiwasi, na kati yao mmoja alikuwa na vitabu bora kuliko wote. Tulivinunua. Nisingetaka msomaji afikiri kwamba kila aliyeandikwa daftarini alikuwa mbaya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi vizuri navyo vinajitembeza, na hiyo ndiyo taabu yetu.

Wamarekani wameyapima hayo kwa hesabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco walichapisha uchunguzi uliotumia daftari hilo hilo, ukihusu madaktari zaidi ya laki mbili. Walilinganisha vyakula na vitu walivyopewa na dawa walizoandika. Asilimia 95 ya malipo yale yalikuwa chakula, na wastani wa thamani yake haukufika dola 20. Hata hivyo, daktari aliyekula mlo mmoja tu wa kampuni alielekea kuandika dawa ya kampuni hiyo zaidi ya mwenzake asiyekula, na kadiri milo ilivyoongezeka ndivyo na dawa ilivyoongezeka. Watafiti walitahadharisha kwamba kuambatana si kusababisha: huenda aliyeipenda dawa ndiye aliyekwenda kuisikiliza. Ni tahadhari ya haki. Lakini mwalimu wangu wa Hisabati angetikisa kichwa, maana yeye aliijua sura.

Nikaamua kumrudia daktari, si kwa jino bali kwa swali. Binti yangu aliona haya hata kunitafsiria. Nilimwambia daktari kwamba nimesoma jina lake katika daftari, na kwamba namwuliza kama mwalimu anavyomwuliza mwalimu mwenzake. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, ikawa mara ya kwanza kuzungumza nami macho kwa macho nikiwa nimekaa wima. Alisema ni kweli, anawafundisha madaktari wengine kuitumia ile skrubu, na hulipwa kwa hilo. Alisema anaifundisha kwa sababu anaiamini, na anaiamini kwa sababu ameitumia kwa wagonjwa wengi. Kisha akasema neno la uungwana: kwamba sheria haimlazimu kunishawishi, na kama nina shaka niende nikatazamwe na mwingine.

Nikaenda chuoni, mahali ambapo wanafunzi wa udaktari wa meno huwatibu watu chini ya macho ya walimu wao, kwa bei iliyo nafuu. Wengine huogopa kutibiwa na mwanafunzi. Mimi maisha yangu yote nimekaa nyuma ya darasa nikiwatazama wanachuo wakifanya mazoezi ya kufundisha watoto wa watu, na najua kwamba mwanafunzi anayetazamwa mara nyingi ni mwangalifu kuliko bingwa asiyetazamwa. Binti mmoja aliitazama picha yangu kwa muda mrefu. Alisema jino la kupandikiza ni tiba nzuri, na mfupa wangu unaifaa. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa bado: "Babu utakaa hapa mpaka lini?"

Nilikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani baada ya wiki saba. Akaeleza kwamba mfupa huhitaji miezi kadhaa kushikana na titani kabla ya kuvishwa jino, na mtu huhitaji kutazamwa katikati. Jambo hilo la mfupa kushikana na titani liligunduliwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyempandikizia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, na tangu mwanzo lilidai subira. Kwa mtu wa safari kama mimi, jino la kuvaa na kuvua lingetosha. Mwalimu wake akaja, akatazama, akakubali. Ndilo nilivaalo hadi leo, na mahindi ya kuchoma ninatafuna, ijapokuwa kwa upande mmoja.

Nimelipima jambo hili mara nyingi. Daktari wa kwanza hakunidanganya. Tiba aliyonitajia ilikuwa ya kweli, na hata waliomfuata waliisifu. Lakini ilikuwa ndiyo ya kwanza kumjia akilini na ndiyo ya mwisho, ikaziba nafasi ya swali dogo la tiketi. Labda angelisahau hata kama hajawahi kula sahani moja ya mtu. Daftari haliwezi kuniambia hayo. Linaweza kuniambia kwamba kuna sura mezani, nami nikaongeza kuuliza. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na si kazi ndogo.

Kwetu Tanzania hatukosi fikra hizi. Kizazi changu tulikariri ahadi za TANU, na katika hizo tuliahidi kutotoa wala kupokea rushwa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au hisa katika kampuni. Aliyeyaandika masharti hayo hakudhani kwamba kila mwenye hisa ni mwizi. Alijua kwamba mtu hawezi kukaa pande mbili za meza moja. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yalilegezwa. Kisha mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa na kuruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa desturi, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Mjadala ule ulitufundisha kwamba lugha yetu ina maneno mengi ya kulaza dhamiri: chai, kitu kidogo, shukrani, takrima. Yote yanatoka katika jambo jema, ambalo ni ukarimu. Ndiyo maana ni magumu kuyakataa. Mgeni akija na kuku utamrudisha?

Sisemi tumrudishe. Nasema kuku afungwe uani, kila mtu amwone. Daktari wa meno nchini kwetu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na usajili huo ni jibu la swali la kwanza. Kwa swali la pili, mgonjwa wetu hana mahali pa kufungua asome malipo ya makampuni kwa jina la kila daktari, kama Wamarekani wafanyavyo tangu 2014 na Wafaransa nao waliotunga sheria yao mwaka 2011. Huenda siku moja tutalipata daftari hilo. Mpaka hapo, kinywa ni chetu, na kabla hakijapanuliwa bado kinaweza kusema.

Kwa hiyo nawashauri wasomaji, na hasa wazee wenzangu ambao meno yanatuaga mmoja mmoja: ulizeni mkiwa mmekaa, kabla kiti hakijalazwa. Ulizeni ziko tiba ngapi za tatizo hili, na kwa nini daktari amechagua hii. Ulizeni ingekuwa mama yake angemfanyia ipi. Daktari mwema hataona umemtukana. Atafurahi, kama walimu wema wanavyofurahi mzazi anapokuja kuchungulia darasa katikati ya somo, maana aliye na kazi safi hana haja ya pazia.